Figo Mpya Haipigi Kelele

Kuna kitu kimoja kuhusu figo ya kupandikizwa ambacho ukikijua, stori yote ya leo itakaa sawa kichwani. Figo ikitolewa kwa mtu mmoja na kuwekwa kwa mwingine, mpasuaji anaunganisha vitu vitatu: ateri inayoleta damu, vena inayoirudisha, na mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Basi. Neva hazishonwi. Zilikatwa kule figo ilikotoka na zinabaki zimekatwa.

Sasa hebu fikiria hiyo ina maana gani. Wewe na mimi, kijiwe kikiziba mrija wa figo tunajua saa hiyo hiyo. Mtu mzima anajikunja sakafuni akiita mama. Figo ya kupandikizwa haina njia hiyo ya kupeleka habari kwa ubongo. Mrija unaweza kuziba, mkojo ukarudi nyuma, figo ikajaa kama puto, na mwenyewe amekaa mezani anakula chapo madondo akijihisi fiti kabisa.

Hapo ndipo swali la leo linapoanzia: kitu kisichoweza kulia, utajuaje kinaumia? Madaktari wametafuta jibu kwa picha kwa zaidi ya miaka 60. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa kusoma historia na kuuliza maswali, lakini msimamo wangu ni huu na nitautetea hadi mwisho: picha iliokoa figo nyingi pale ilipoulizwa maswali inayoweza kujibu, na ilipotosha hata watu wenye akili sana pale walipotaka iwajibu kila kitu.

Wakati figo ilikaa karibu na macho

Mwanzoni kabisa, shida ya kuona haikuwa kubwa hivyo. Mwaka 1933, mjini Kherson, Ukraine, mpasuaji Yurii Voronoy alichukua figo ya mtu aliyekufa na kuiweka kwenye paja la mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilikuwa zimeharibiwa na sumu ya zebaki. Umesoma sawa, kwenye paja. Mgonjwa alifariki baada ya siku 2. Hiyo ndiyo figo ya kwanza inayojulikana kutoka kwa binadamu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwaka 1947 huko Boston, Marekani, madaktari 3 vijana, Charles Hufnagel, David Hume na Ernest Landsteiner, waliunganisha figo ya maiti kwenye mishipa ya mkono wa mwanamke aliyekuwa karibu kufa. Walifanya hiyo kazi usiku, kwenye chumba cha pembeni, kwa mwanga wa taa ndogo. Figo ilikaa nje ya mwili, ikafanya kazi kidogo, wakaitoa, na figo zake mwenyewe zikaamka. Miaka michache baadaye Hume na wenzake wakajaribu kwa wagonjwa 9. Nyingi ya figo hizo zilizikwa chini ya ngozi ya paja, na mrija wa mkojo ukatokezwa nje. Moja iliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 5.

Inatisha kuiwaza, lakini ona faida yake. Daktari alikuwa anauona mkojo ukidondoka tone kwa tone. Ukikauka, anajua kuna noma. Akiweka mkono, anasikia kama figo imevimba. Ni kama fundi anayefanya kazi na boneti ikiwa wazi.

Halafu boneti ikafungwa. Mwaka 1951, Ufaransa, René Küss na wenzake walionyesha njia ya kuweka figo chini ya tumbo, upande mmoja wa nyonga, karibu na mishipa mikubwa inayoelekea mguuni na karibu na kibofu. Ni njia safi, na kimsingi ndiyo inayotumika mpaka leo. Mkojo sasa ulienda kibofuni kama kawaida. Mgonjwa alipata heshima yake, lakini daktari akapoteza dirisha lake.

Mwezi wa Desemba 1952, Paris, mama alimpa figo mwanawe wa miaka 16 aliyekuwa ameumia kazini na kupoteza figo moja tu aliyozaliwa nayo. Figo ilianza kazi mara moja. Karibu wiki 3 baadaye ikasimama, na kijana akafariki. Miaka 2 baadaye, tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na timu yake huko Boston walimpa Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald. Hao walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hivyo mwili wa Richard haukuiona figo kama mgeni. Aliishi karibu miaka 8 zaidi. Murray alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Tofauti ya stori hizo mbili ndiyo iliyosumbua dunia. Watu wengi hawana pacha. Wengi walikuwa kama kijana wa Paris: figo ikisimama, kila mtu amezunguka kitanda akijiuliza nini kinaendelea mle ndani. Walikuwa na mkojo wa kupima, homa ya kupima, mkono wa kubonyeza tumbo, na damu ya kupeleka maabara. Kwenye damu waliangalia kreatinini, uchafu ambao figo nzima huutoa nje. Ikipanda, figo inalegea. Lakini kreatinini ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi ya matatu. Inakuambia simama. Haikuambii kama ni mafuta, maji au injini imekufa.

Na sababu zinaweza kuwa nyingi. Damu imeganda kwenye ateri. Vena imeziba. Mkojo unavuja pale mrija uliposhonwa. Mrija umebanwa. Maji ya limfu yamejikusanya kando ya figo yakaikandamiza. Figo imechoka tu kwa kukaa bila damu wakati wa safari na itaamka yenyewe. Au mwili umeikataa. Kila moja ya hizi ina matibabu yake, na ukikosea unaweza kumfungua mtu tumbo bure, au kukosa kumfungua na figo ife.

Eksrei iliyohitaji figo nzima

Eksrei ilikuwepo tangu Wilhelm Röntgen aigundue mwaka 1895. Shida ni kwamba eksrei inapenda mifupa. Figo ni nyama laini. Kwenye picha ya kawaida ni kivuli tu. Mwaka 1929, Berlin, daktari kijana Mmarekani aitwaye Moses Swick alisaidia kupata dawa yenye iodini ambayo ikidungwa kwenye mshipa wa mkono inasafiri, inachujwa na figo, na inang'aa kwenye eksrei ikishuka na mkojo. Kwa mara ya kwanza njia nzima ya mkojo ilionekana kwa sindano moja ya mkono.

Lakini umeona mtego? Dawa inang'aa kwa sababu figo imeichuja. Figo ambayo haifanyi kazi haichuji. Yaani picha ilitoka safi kwa mtu ambaye figo yake iko sawa, na ikatoka giza kwa yule aliyehitaji jibu zaidi. Halafu dawa yenyewe, ukimpa mtu mwenye figo dhaifu, inaweza kuizidishia mzigo.

Mwaka 1953 Sven Ivar Seldinger wa Uswidi alipata mbinu ya kuingiza mpira mwembamba kwenye ateri kupitia tundu la sindano, bila kuuchana mshipa. Sasa ungeweza kupeleka dawa hadi mlangoni mwa figo na kuona kama ateri imeziba au imebana. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na mbinu hiyo bado inatumika. Leo mshipa wa figo mpya ukibana unaweza kupanuliwa kwa njia hiyo hiyo bila upasuaji mkubwa. Lakini huwezi kumtoboa mtu ateri kila Jumatatu asubuhi kuangalia tu kama mambo yako poa.

Upande mwingine wa Marekani, huko Berkeley, Hal Anger akatengeneza kamera ya gama mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii iligeuza wazo la eksrei. Badala ya kupitisha mwale kutoka nje, unamdunga mgonjwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi, halafu kamera inakamata mwanga unaotoka ndani. Baadaye ikapatikana teknisiamu, ambayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hivyo haikai mwilini sana. Ukikaa mbele ya hiyo kamera unaona mambo matatu kwa mpangilio: damu imefika? Figo imeikamata dawa? Mkojo umeshuka? Na dawa ikitokea mahali ambapo mkojo haufai kuwa, umempata mwizi: kuna mahali panavuja. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, lakini ilikuwa inasema kuhusu kazi, sio sura tu.

Mashine ya kupima vyuma

Sasa tuje kwa mashine iliyobadilisha kila kitu, na ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angetafuta. Ian Donald alikuwa daktari wa akina mama huko Glasgow, Uskoti. Alitumikia jeshi la anga la Uingereza kwenye Vita Vikuu vya Pili, kwa hivyo alijua rada na mambo ya mwangwi. Glasgow ni mji wa meli na vyuma. Viwanda huko vilikuwa na mashine inayotuma mawimbi ya sauti ndani ya chuma kutafuta nyufa. Mwaka 1955 Donald alipakia kwenye magari uvimbe aliotoa kwa wagonjwa wake, akaupeleka kiwandani, akauweka chini ya mashine ya kupima vyuma. Kiwanda kikaleta na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Si mchezo. Na mwangwi ukatofautiana: uvimbe wa maji ulisikika tofauti na uvimbe wa nyama.

Injinia mmoja aitwaye Tom Brown, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, alisikia habari hizo, akamtafuta daktari mwenyewe, na wakaanza kujenga mashine pamoja. Walimpima mwanamke aliyekuwa ameambiwa ana saratani isiyotibika tumboni. Mashine ikaonyesha maji. Ulikuwa uvimbe mkubwa wa ovari. Ukatolewa, na akaishi. Juni 1958 Donald, Brown na daktari John MacVicar walichapisha kazi yao kwenye jarida la Lancet. Wengi tunaijua ultrasaundi kama mashine ya kuangalia mtoto tumboni, lakini ilianza kwa kuuliza swali hili hili: huu uvimbe ni maji au ni nyama?

Na hilo ndilo swali ambalo figo mpya ilihitaji. Figo imejaa mkojo uliokwama? Maji. Kuna limfu imekusanyika kando? Maji. Damu imevuja? Itaonekana. Tena kuna bahati hapa ambayo inanifurahisha kila nikiifikiria. Figo zako za kuzaliwa ziko nyuma kabisa, chini ya mbavu na nyuma ya matumbo yenye hewa, na hewa inaharibu ultrasaundi. Lakini figo ya kupandikizwa iko pale Küss alipoiweka mwaka 1951, chini ya ngozi ya tumbo, karibu unaigusa. Alichagua mahali hapo kwa sababu ya mishipa na kibofu. Bila kujua, aliiweka figo mahali pazuri kabisa pa mashine ambayo ilikuwa haijazaliwa. Lile dirisha lililofungwa likafunguliwa tena, bila kisu, bila mionzi, bila dawa ya iodini.

Ikabaki damu. Hapa anaingia mtu wa zamani zaidi. Mwaka 1842 Christian Doppler, akifundisha Prague, alieleza kwamba mawimbi yanabadilika kitu kinapokuja kwako au kinapoenda mbali. Unaijua hii hata kama hujawahi kusoma fizikia. Simama kando ya Thika Road, matatu ije ikipiga honi bila kuachia. Ikikupita tu, sauti inashuka. Seli za damu zikirudisha mwangwi zinafanya vivyo hivyo. Mashine inasikia kama damu inakuja au inaenda, na kwa kasi gani. Miaka ya 1980 Dopla na picha vikaunganishwa vizuri, na hatimaye rangi zikaingia, kwa kawaida nyekundu kwa damu inayokuja upande wa mashine na buluu kwa inayoenda mbali.

Hii imeokoa figo, bana. Siku za kwanza baada ya upasuaji, mkojo ukikata ghafla, daktari anaweka mashine kitandani hapo hapo. Kama hakuna rangi kabisa ndani ya figo, damu haiingii. Kama damu inaingia moyo ukipiga halafu inasukumwa kurudi nje moyo ukipumzika, na vena haionyeshi kitu, huenda vena imeziba. Hayo ni mambo ya kukimbilia chumba cha upasuaji mara hiyo, kwa sababu figo bila damu haina muda mrefu wa kusubiri.

Mashine kubwa na bei yake

Wakati ultrasaundi inakua, CT nayo ilikuwa njiani, na hapa Afrika ina mkono wake. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwalimu wa fizikia Cape Town, aliombwa kusaidia hospitali ya Groote Schuur kusimamia mionzi. Akaona kwamba eksrei inapita sehemu mbalimbali za mwili kwa viwango tofauti, na akaanza kutafuta hesabu ya kujenga picha ya ndani kutoka pande nyingi. Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali.

Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield alifika mahali hapo hapo bila kujua kuhusu Cormack. Hounsfield hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Kwa sisi tulioacha chuo, tulieni kwanza: alisomea uhandisi kwenye chuo cha ufundi na akafanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya EMI, ile ile iliyokuwa ikiuza santuri za Beatles. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971, London. Mwaka 1979 yeye na Cormack waligawana Nobel.

CT inakata mwili vipande vipande kama mkate, kwenye kompyuta tu. Kwa figo mpya inasaidia kuona usaha uliojificha, damu iliyovuja kwa kina, au saratani miaka mingi baadaye. MRI ikafuata, bila mionzi ya eksrei. Lakini zote mbili, ukitaka kuona mishipa vizuri, mara nyingi zinadai dawa ya kung'arisha. Ile ya CT ina iodini, na tumeshaona shida yake. Ya MRI ina gadoliniamu, na kwa miaka mingi ilionekana ndiyo salama kwa wenye figo dhaifu. Mwaka 2006 daktari mmoja Austria akaihusisha na ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Ikabidi sheria za matumizi zibadilike na dawa salama zaidi zipewe nafasi ya kwanza.

Somo langu hapo: mashine yenye bei kubwa sio lazima iwe ya kwanza. Kwa figo ya kupandikizwa, mashine ya kuanzia ni ile ya mwangwi, mtoto wa kiwanda cha vyuma.

Namba iliyozungumza kuhusu mtu mwingine

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu stori nzito ndiyo hii. Mwaka 1978, Cambridge, Roy Calne alianza kuwapa wagonjwa wa figo dawa mpya, siklosporini, iliyotoka kwenye kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norway. Inatuliza kinga ya mwili ili isishambulie kiungo kigeni. Ilibadilisha upandikizaji dunia nzima.

Lakini siklosporini yenyewe ikizidi inaumiza figo. Fikiria basi uko zamu. Kreatinini ya mgonjwa imepanda. Kama ni mwili unakataa figo, unaongeza dawa za kutuliza kinga. Kama ni dawa inaumiza figo, unapunguza. Ishara ni ile ile, matibabu yanaenda pande mbili tofauti. Ukikosea, unaiua figo kwa mkono wako mwenyewe.

Njia ya uhakika ilikuwa biopsi: sindano inaingia kwenye figo, inachukua kipande kidogo, kinaangaliwa kwenye hadubini. Hakuna anayependa sindano kwenye figo yake ya pekee. Kwa hivyo Dopla ilipofika, watu walitamani iwe jibu. Walipata kipimo kinachoitwa kipimo cha ukinzani. Kwenye figo yenye afya, moyo ukipiga damu inaingia kwa kasi, na moyo ukipumzika damu bado inaendelea kutiririka kidogo. Figo ikikaza, ule mtiririko wa mapumziko unapungua na namba inapanda. Miaka ya 1980 ripoti zikatoka zikisema namba ikiwa juu, mwili unakataa figo. Watu wakaona sindano imepata mbadala.

Haikuwa hivyo. Utafiti ulipozidi, ikaonekana kwamba namba inapanda mwili ukikataa figo, lakini pia inapanda figo ikiwa imechoka baada ya upasuaji. Inapanda maji yakiikandamiza. Inapanda vena ikiziba. Inaweza kupanda hata anayepima akibonyeza mashine kwa nguvu sana. Na mwili unaweza kuikataa figo na namba ikabaki ya kawaida.

Mwaka 2003 timu ya Ujerumani ilichapisha utafiti wa wagonjwa 601: wenye namba ya 0.80 kwenda juu walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza figo au kufariki. Matumaini yakarudi. Halafu 2013 timu ya Leuven, Ubelgiji, ikaangalia wagonjwa 321, ikipima kwa muda uliopangwa na kulinganisha na biopsi. Walichopata kinaniacha kimya mpaka leo. Kwa vipimo vile vya kupangwa, namba haikuwa inaeleza hali ya figo. Ilikuwa inaeleza hali ya mtu aliyeibeba: umri wake na hali ya moyo na mishipa yake. Wenye namba ya juu walikuwa wanafariki zaidi, lakini sio lazima kwa sababu figo ilikuwa mbaya.

Miaka 30 watu waliitazama namba wakidhani inazungumza kuhusu figo, kumbe inazungumza kuhusu mwenye figo. Ukiniuliza, hiyo sio aibu. Ni habari muhimu iliyokuwa imeandikwa anwani isiyo yake. Mtu aliyepata figo hafi kwa figo tu. Mara nyingi moyo ndio unaomwangusha.

Na kuhusu kukataliwa? Mwaka 1991 wataalamu walikutana Banff, Kanada, wakakubaliana namna moja ya kusoma vipande vya biopsi, na mkataba huo bado unasasishwa. Sindano haikuondoka. Ila ona kilichotokea: leo sindano hiyo inaongozwa na ultrasaundi, daktari akiona inapoenda. Na baada ya sindano, Dopla inaangalia kama mishipa miwili imetoboka na kuungana vibaya. Picha ilishindwa kuchukua kazi ya sindano, lakini ikaifanya iwe salama zaidi. Hiyo kazi inatosha, manze.

Kwetu sasa

Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Kuna bango, kuna namba ya paybill, kuna kikundi cha familia kinachopiga kelele usiku na mchana mpaka hela ya upasuaji itimie. Halafu kuna picha ya kutoka hospitalini, watu wametabasamu, tunaweka mioyo, tunaendelea na maisha. Akilini mwetu upasuaji ndio mwisho wa stori.

Historia niliyowapigia inasema upasuaji ni siku ya kwanza. Figo hiyo haitamwambia mwenyewe kama mrija umeziba. Mshipa unaweza kubana polepole miezi baadaye, na dalili pekee ikawa presha ambayo haishuki. Kila kitu kinategemea mtu kurudi kliniki, kupimwa damu, na kupigwa picha pale damu ikionyesha taa nyekundu. Nauli ya kurudi, pesa ya kipimo, pesa ya dawa za kila siku: hizo haziko kwenye bango. Na mashine peke yake haitoshi. Ultrasaundi inategemea sana mkono wa anayeishika, kwa hivyo kaunti ikinunua mashine na isimfunze mtu wa kuitumia kwa mishipa ya figo, imenunua samani.

Kuna wengine pia tunaowasahau. Mwaka 2025 habari za vijana wetu kuuza figo zilitikisa nchi na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Watu walibishana kuhusu bei na nani alikula. Ni wachache waliouliza swali lililo rahisi: yule kijana aliyebaki na figo moja, nani anampima presha, mkojo na damu kila mwaka? Mtoaji wa halali ana kliniki ya kurudi. Aliyeuza gizani anaogopa hata kusema.

Na tafadhali, kama una ndugu aliyepandikizwa, usimwambie "si skani ilikuwa safi, acha hizo dawa." Skani safi inasema damu inaingia, mkojo unatoka, hakuna maji pembeni. Haijasema kitu kuhusu kama mwili umeanza vita. Wataalamu walichukua miaka 30 kukubali hilo. Wewe umelipata kwa dakika 10 za kusoma.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mchango ujao ukipita kwa simu yako, uliza mweka hazina kama kuna fungu la mwaka wa kwanza: kliniki, damu, dawa, na ultrasaundi. Kama halipo, liongezwe kabla watu hawajaanza kutuma. Jirani zako wanajua kuhesabu pesa ya upasuaji. Wasaidie kuhesabu na ya kuitazama figo ikishawekwa.